Dodoso la Darasa la Myeong-suk

Im Ok-ju alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa yeyote: anayejaza dodoso asisimamiwe na mtu anayemwogopa.

Dodoso lenyewe lilitoka Ujerumani. Linauliza mtu anavyoshikilia malengo yake, anavyojisukuma, na anavyofanya mambo yakigoma. Ok-ju, aliyeacha ualimu ukubwani ili asomee shahada ya uzamivu hapa Jeonju, Korea, ndiye aliyelitafsiri kwa Kikorea. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba kwetu linapima kile linachopima kwao. Muhula ule ulikuwa wa mwisho aliokubaliwa; asipowasilisha tasnifu, chuo kinamfuta.

Majibu ya watu wazima alikuwa nayo. Ya wanafunzi wa sekondari alikusanyiwa na Myeong-suk, rafiki yake tangu enzi za ualimu. Yalipofika alifurahi, kisha akaanza kuyasoma na furaha ikamtoka. Darasa zima lilikuwa la mashujaa. Hakuna aliyewahi kuahirisha kazi, hakuna aliyewahi kukata tamaa. Aliinua karatasi moja dirishani. Penye swali la kuahirisha kazi, mtoto alikuwa ametia alama kwenye "mara nyingi", akaifuta mpaka karatasi ikachubuka, ndipo akahamia "kamwe". Karatasi iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo.

Alimkuta Myeong-suk mkahawani karibu na shule, mbele ya bakuli la supu ya machipukizi ya soya, akamuuliza alikuwa wapi watoto walipokuwa wakijaza.

"Nilikuwa napita kati ya madawati, dada. Ulitaka nikalale?"

"Nilikuomba utoke nje."

"Nitoke, waandike kwamba darasa langu ni la wavivu? Niliwaambia tu wajibu kama watu watakaofaulu. Agiza supu ule, umekonda."

Hakula. Aliomba watoto wajaze upya, peke yao. Myeong-suk akamjibu kwamba mpaka mtihani wa kuingia chuo kikuu upite, mwalimu mkuu haruhusu mgeni hata kuvuka geti. Na mtihani ulikuwa baada ya tarehe ya kuwasilisha.

Profesa Baek, msimamizi wake, alikuwa ameyapenda mahesabu ya majibu hayo. Alisema yanapendeza kuliko ya Wajerumani wenyewe. Ok-ju aliposema anataka kuyatoa majibu ya darasa lile, profesa aliinuka akafunga mlango.

"Bila hayo huna tasnifu. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Profesa."

"Si wewe uliyetafsiri kwenye dodoso, 'Njia ikiziba, natafuta nyingine'? Basi njia ni hii. Nyamaza, upite."

"Shule zitalitumia kujua mtoto gani anahitaji msaada. Atakayesema kweli atapimwa kwa rula ya waongo, aonekane mgonjwa."

"Mwalimu Im, kila rula ina kasoro."

"Hii najua ilipopindishwa."

Nimesikia wenzangu wa chuoni wakisema ni kiburi tu, kwamba hakuna mtoto aliyedhurika. Siku ile watoto walifundishwa kwamba ukiulizwa habari za nafsi yako, jibu analo aliyesimama nyuma yako. Mimi naliita hilo dhara.

Majibu aliyatoa. Tasnifu haikuwasilishwa, chuo kikamfuta, na Myeong-suk hajamwita dada tangu hapo. Sasa Ok-ju anafundisha hesabu katika masomo ya ziada ya jioni, kwa mshahara mdogo kuliko ule aliouacha.