Tarehe Mosi Januari

Katika zahanati yetu, chumba cha kumbukumbu ni cha Bwana Faili, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na saba alikupa jalada lako kabla hujamaliza kumsalimu. Mgonjwa aliyedhuriwa na dawa alichorewa msalaba mwekundu juu ya jalada. Bwana Faili hakuikariri misalaba hiyo. Kukumbuka aliuachia wino. Nami, muuguzi, nilidunga sindano kwa kuuamini wino huo.

Mwaka jana chuo kikuu kilituletea wanafunzi wanne wa mifumo ya kompyuta, ambao somo lao huwataka waitumikie jamii muhula mzima. Vijana wenye adabu, shikamoo hadi kwa paka. Waliketi na Bwana Faili wakahamishia majalada kwenye kompyuta. Kompyuta ilidai tarehe ya kuzaliwa, na wazee wetu wengi hawaijui. Bwana Faili akaamua wote wazaliwe tarehe mosi Januari, mwaka akaukadiria kwa makunyanzi. Tulicheka sana siku ile.

Muhula ukaisha. Bwana Faili mwenyewe aliyatia majalada kwenye tanuri la taka huku akipigwa picha, kisha akawajazia fomu ya tathmini: alama zote.

Jana aliletwa bibi mmoja, homa kali, kifua kinakoroma. Daktari alitaka adungwe penisilini. Dawa nyingine ya kumfaa ilituishia wiki iliyopita. Bwana Faili akaandika jina, likaja faili moja lenye maradhi ya watu wawili. Kumbe bibi ana wajina wake mtaa wa pili. Jina moja, tarehe moja, hata mwaka wa kukadiria mmoja, kompyuta ikawahesabu mtu mmoja. Msalaba ulikuwamo. Wa nani, hakuna aliyejua.

Bwana Faili alimpigia simu kiongozi wa wale vijana. Kijana alisikitika kweli, lakini mfumo ulifuata ulichoambiwa, na nakala zao za majalada walizifuta ili kulinda siri za wagonjwa. Sikuwa na wa kumkasirikia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Daktari akamwinamia bibi, akamuuliza kama sindano ile iliwahi kumdhuru. Bibi alihangaika kutafuta pumzi, akamwona Bwana Faili mlangoni, uso ukamtulia.

"Muulizeni mwanangu huyo," akasema. "Yeye ndiye anayejua mambo yangu."

Tukamgeukia. Sindano nilikuwa nayo mkononi.