Baba Yuko Kongo

Mwajabu anauza vitenge sokoni Kibondo, na mdomo wake haupoi. Atakusifia rangi isiyokukaa hata kidogo, nawe utaondoka umeinunua na unacheka. Ila mtajie Shamsi, mumewe, uone atakavyokunja kitenge ambacho kimekwisha kunjwa.

Shamsi ni askari. Tangu binti yao Zaitun akiwa wa kubebwa mgongoni, baba yake amekuwa akihamishwa kikosi hadi kikosi, na sasa analinda amani Kongo, porini ambako simu haishiki. Likizo zake zilikuwa za kuja kuzika na kurudi. Basi nyumba ile ikaishi kwa barua, zinazoletwa na wenzake wanaokuja mapumziko. Mwajabu alizisoma kwa sauti, na Zaitun alipojua kuandika akaanza kujibu mwenyewe kama walivyofundishwa shuleni: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Humo alimwambia baba yake kila kitu, hata sukari aliyoiba. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Sawa, lakini hiyo nusu nyingine mtoto aitoe wapi?

Mwaka huu, maharage yakivunwa, Shamsi akaja kweli, likizo nzima. Mwajabu akapika samaki wa migebuka na ugali wa muhogo. Zaitun akapiga goti, akamnawisha baba yake, akasema, "Shikamoo, karibu sana," kisha akaenda kukaa jikoni.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu mimi, adabu hiyo!" jirani yao, mama Ntirampeba, akamsifu.

Mwajabu hakufurahi. Hivyo ndivyo alivyomfundisha kupokea wageni.

Kesho yake Zaitun akamletea mama yake karatasi iliyokunjwa. "Ukipata mtu wa kwenda Kongo, mpe ampelekee baba."

"Baba si huyo hapo sebuleni?"

Mtoto akamwekea karatasi mkononi.

Mwajabu akaifungua. "Baba mpendwa, kuna mgeni amekuja. Anavaa kanzu yako. Ni mpole ila ana sauti kubwa. Wewe utakuja lini?" Alitaka kuichana, lakini Shamsi alikuwa amekwisha simama nyuma yake. Akaisoma, akairudia, akakaa kitandani na viatu vyake. Mwajabu alimwonea huruma mpaka akakasirika, asijue amkasirikie nani.

"Nipe kalamu," Shamsi akasema.

Akajibu. Mwajabu akalipeleka jibu jikoni kana kwamba limetoka ng'ambo, na Zaitun akalisoma huku anacheka. Tangu hapo mama akawa tarishi ndani ya nyumba yake. Baba na mwana walikula sahani moja kimya, kisha kila mmoja akaenda kumwandikia mwenzake. Mwajabu alitamani neno moja tu kabla likizo haijaisha: mtoto amwite yule mwanamume baba, usoni pake. Alimbembeleza, akamfokea, akamwahidi gauni. Wapi!

Katika barua ya mwisho Shamsi aliandika: "Huyo mgeni namjua vizuri. Ukimpa mkono, umenipa mimi."

Siku ya safari walimsindikiza stendi. Shamsi akamuaga mkewe, kisha akachutama mbele ya binti yake. Hakusema kitu, aliogopa sauti yake kubwa. Watu walikuwa wakipakia mizigo, kondakta anagonga bodi. Mwajabu akaushika ukingo wa mtandio wake, akaomba moyoni.

Zaitun akanyoosha mkono. Shamsi akaupokea kwa mikono yake miwili, na mtoto hakuuvuta. Aliuacha pale, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Ukifika," akamwambia, "mpe baba huu."

Shamsi akainuka. "Nitampa," akasema, akapanda basi.