Hereni kwenye Sikio la Ng'ombe wa Mama

Baba yangu hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Sisi ni wakulima wa Maretadu, watu wa mahindi na maharage, na nyumbani tulikuwa na ng'ombe wa kutupatia maziwa ya chai tu. Wengine walikuwa kwa watu. Ndivyo wanavyofanya Wairaqw wenye akili: unampelekea rafiki ng'ombe akutunzie, maziwa anakunywa yeye, ndama wanabaki wako, na ugonjwa ukiingia upande mmoja hupotezi mifugo yote. Rafiki wa baba alikuwa Mbarbaig wa kule tambarare ya Hanang, mfugaji hasa, mtu anayemtambua ng'ombe kwa kikohozi chake. Urafiki wao ulianza kabla sijazaliwa. Alikuwa na ng'ombe wetu wangapi? Usiniulize. Nimelelewa vizuri, sitakuambia.

Na sikufichi kwa ukorofi. Ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki ni siri ya watu wawili na shahidi mmoja. Mwenye ng'ombe hataki ndugu wajue ana mali, maana wakijua, kila mwenye mahari na kila mwenye ada ya shule atapiga hodi. Kwa hiyo mtunzaji anafunga mdomo. Ukimwuliza huyu ng'ombe ni wa nani, anakuangalia tu, au anakuanzishia habari za mvua. Kumtaja mwenyewe mbele za watu ni kumsaliti.

Baba alipofariki, ng'ombe wakawa wa mama. Shahidi alikuwa jirani mmoja wa yule rafiki, mtu wa Endasak, na yeye akafuata. Wakabaki wawili tu wanaojua ukweli wote, mama na yule mzee wa Kibarbaig, kila mmoja na neno lake. Miaka ikapita na wala hapakuwa na tatizo. Ndama akizaliwa, mzee alinipigia simu na kuniambia rangi yake, nami nikamwambia mama, basi.

Halafu zikaja hereni. Ilitangazwa kwamba kila ng'ombe atachanjwa na kuvalishwa hereni ya plastiki yenye namba sikioni, na kampuni fulani kubwa ikapewa kazi ya kuwaandikisha kwa vishikwambi. Tambarare nzima ikachafuka. Wengine walisema hereni zinaharibu mimba. Wengine walisema hiyo ni kodi inapiga hodi, leo sikio, kesho mkia. Wako walioswaga mifugo yao hadi porini wakakaa huko na nzi.

Mzee akanipigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma. Hawa watu niwape masikio ya ng'ombe au nisiwape?"

Mimi nilifika kidato cha nne, na wiki hiyo nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili pale kwenye kata, nimepewa fulana na kofia. Basi nikajiona waziri. Nikamcheka yule mzee wa watu. "Baba, acha mambo ya zamani. Hii ni serikali, na kampuni yenyewe ni kubwa, ina magari. Itakudhulumu nini mchana kweupe?"

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Basi kwa neno lako."

Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, tulikuwa tunapukuchua mahindi uani mama na mimi, tukaona bodaboda inaingia. Akashuka mzee, shuka lake limejaa vumbi na fimbo iko begani. Tukaamkiana vizuri, tukaulizana habari za mvua na za watoto. Mama akamletea chai ya maziwa. Akakipokea kikombe kwa heshima, akakiweka chini kando ya mguu wake, hakukigusa tena. Mama akaniangalia. Mbarbaig kuacha chai ya maziwa si jambo dogo.

"Shemeji, kuna nini?" mama akauliza.

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akanipa mimi. "Soma."

Nikasoma. Juu palikuwa na neno "Mmiliki", na jina lake. Chini yake zilifuata namba za hereni, rangi na jinsia. Ng'ombe wake wote walikuwemo. Na wetu wote walikuwemo, mpaka mtamba wa kijivu aliyezaliwa msimu ule.

"Baba, hawakukuuliza?"

"Waliuliza. Bwana wa kampuni alisema, mzee, hawa wote ni wako? Pale kwenye josho, watu wa vijiji vitatu wamesimama na mifugo yao. Ningejibu nini? Nimtaje shemeji yangu? Nilinyamaza. Akabonyeza." Akanyoosha kidole gumba chake kikavu. "Halafu akaniambia niweke dole. Nikaweka, kwa sababu wewe ulisema."

Mama akanigeukia. "Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Nilikuwa shambani."

"Asiyekuwepo na lake halipo," mama akasema, akarudi kwenye mahindi yake. Afadhali angenichapa.

Mzee akaendelea taratibu tu, na sauti yake haikupanda. Alisema amezeeka. Alisema watoto wake wameiona karatasi, na siku hizi maneno ni "ng'ombe wa baba, ng'ombe wa baba", na hawana kosa, ndivyo ilivyoandikwa. "Siku nikifa watagawana mali ya rafiki yangu, nami nitalala kaburini nikiwa mwizi. Mwezi ukiandama nawaleta ng'ombe wenu wote hapa. Muwapokee."

"Siwapokei," mama akasema.

"Shemeji."

"Nimesema siwapokei! Nikiwapokea watu watasema nilikushuku. Marehemu aliwaweka kwako. Mimi ni nani niwaondoe?"

Wazee wawili wakaidi, kila mmoja anataka kuwa mwema kuliko mwenzake, na urafiki wa maisha yote unakatika mbele ya macho yangu kwa sababu ya semina na kofia. Nilitaka ardhi inimeze. Nikasimama nikasema, "Nipeni mpaka mwezi uandame. Hiyo karatasi nitaibadilisha mimi."

Mzee akaondoka. Chai yake ilibaki pale pale mpaka ikatanda ngozi juu.

Nikaanza ofisini. Sitaitaja ni ofisi gani, na hata ningeitaja isingesaidia, maana nilizunguka kadhaa. Ya kwanza waliniambia taarifa ziko kwa kampuni. Nikapiga namba ya kampuni. Sauti ya dada ikaniambia nibonyeze moja kwa Kiswahili, nikabonyeza, ikaniimbia muziki hadi salio likaisha. Nikaenda mwenyewe kwenye tawi lao. Wakaniambia, tena kwa upole kabisa, kwamba wao ni wakandarasi tu, taarifa ni mali ya serikali. Nikarudi kwa serikali. "Mama, huyo mzee si aliweka dole gumba?" "Aliweka." "Sasa tatizo liko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari." Jamani! Mtu ananipotezea mali kwa daftari, halafu ananifundisha methali ya daftari! Niliongea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mlinzi akanisindikiza mpaka getini. Kesho yake nikarudi. Keshokutwa nikarudi tena. Mlinzi akanizoea, akawa ananiwekea kiti.

Kwenye kile kiti ndiko nilikofikiria sana. Redioni watu hubishana kila siku: serikali na makampuni makubwa, ni wa kuaminiwa au si wa kuaminiwa? Wanaopiga simu wamegawanyika kama mashabiki wa mpira. Mimi nilikuwa nimeshakaa pande zote mbili. Nilipoamini, nilimtia mzee wa watu kwenye wizi. Lakini nawapa haki yao: jirani mmoja wa mzee, miongoni mwa walioficha mifugo porini, homa ya mapafu ilipopita ilimwachia zizi tupu, na ng'ombe waliochanjwa wako hai mpaka leo, wetu wakiwemo. Aliyeshuku kila kitu aliumia kuliko mimi.

Ndipo nikamkumbuka baba. Alimpenda rafiki yake kuliko ndugu zake wa tumbo moja, nasema kweli. Na bado siku ya kumpelekea ng'ombe wa kwanza alimchukua yule jirani wa Endasak, wakasimama watatu zizini, akamwonyesha jirani rangi ya ng'ombe, pembe, na mkato alioukata kwenye sikio. Hakuwa anamshuku rafiki. Hata rafiki mwenyewe angekataa kumpokea ng'ombe bila shahidi, maana shahidi anamlinda yeye pia. Kumwekea mtu shahidi hakujawahi kuwa tusi huku kwetu. Sasa mimi nani aliniambia kwamba mtu wa zizi moja anahitaji shahidi, lakini wenye nchi nzima na magari waachwe peke yao na kishikwambi?

Siku ya sita au ya saba akatoka afisa mifugo mmoja, mtu wa makamo, koti lake linanuka dawa ya josho. Akaketi kwenye benchi karibu yangu badala ya kuniita ndani. Nikamweleza yote. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Hii fomu waliitunga watu wasiojua kwamba ng'ombe anaweza kuwa na mwenyewe huku na mtunzaji kule. Ina nafasi ya jina moja tu."

"Basi ongeza nafasi."

"Siwezi kuongeza nafasi. Naweza kubadilisha mmiliki, na kwenye maelezo nikaandika mtunzaji. Lakini wote wawili waje josho siku ya chanjo ya marudio, na yule mzee atamke mwenyewe kwamba hawa si wake, na ni wa nani."

Atamke. Mbele ya josho zima.

Nilipomwambia mama, alisimama akajikung'uta makapi ya mahindi. Hakuwa amekanyaga tambarare ya Hanang tangu msiba wa baba. Akasema, "Niletee kitenge changu kile cha kanisani."

Siku hiyo josho lilikuwa limefurika. Vumbi, mbolea, fimbo, watu wanapigia ng'ombe miluzi. Afisa ameweka meza chini ya turubai, bwana wa kampuni kando yake na kishikwambi. Nikawaona ng'ombe wetu kwa mbali, hereni za njano zinayumba. Yule mwekundu mwenye baka usoni, hereni yake ilitobolewa jirani kabisa na mkato wa baba. Nikaumia kuona vile.

Zamu ya mzee ikafika. Afisa akauliza kwa sauti, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo, "Mzee, kati ya hawa, wasio wako ni wepi? Na ni wa nani?"

Watu wakasogea kusikiliza. Mzee akasimama na fimbo yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Siku zote hizo alitaka jina lake lisafishwe, na sasa alitakiwa alichafue ili lisafishwe. Akaniangalia mimi. Ya kwangu nilishayasema kwenye simu.

Mama akasogea mbele, kitenge chake cha kanisani kimejaa vumbi.

"Ni wangu," akasema. "Msimwulize huyu. Mimi na marehemu ndio tuliomfunga mdomo, na hajaufungua mpaka leo. Yule mwekundu mwenye baka ni wangu. Mama yake, yule mweusi wa pembe moja, wangu. Mtamba wa kijivu, wangu." Akawataja wote kwa rangi, mmoja mmoja, kidole kimenyooka, na hakutaja idadi hata mara moja. Nyuma yangu nikamsikia wifi yake mmoja wa Endasak anasema "Kumbe!" kwa sauti ya kuvuta. Nikajua ada za shule zimeshaanza safari kuja Maretadu.

Bwana wa kampuni akabonyeza. Afisa akaandika kwenye karatasi, akanipa niisome kwanza. Jina la mama lilikuwa juu, na la mzee lilikuwa kwenye maelezo, "mtunzaji". Mzee akapaka gumba wino, akaweka dole. Mama akaweka lake. Afisa akanyoosha mkono achukue karatasi.

Mama hakuiachia.

"Na wewe," akamwambia afisa.

"Mimi? Mama, mimi nitagonga muhuri."

"Muhuri unakaa ofisini hata wewe ukihamishwa. Weka dole lako hapa, karibu na letu. Hawa wote wanaona."

Bwana wa kampuni akaanza kucheka. Akatazama watu, akaona hakuna mwingine anayecheka. Afisa akamwangalia mama, akaniangalia mimi, halafu akakunja mkono wa koti lake, akapaka gumba wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Mama akamsogezea bwana wa kampuni kidau cha wino. Naye akaweka.

Mzee aliinama akayaangalia yale madole manne kwa muda mrefu. Akauliza linalotoka serikalini ni lipi, nikamwonyesha. Akasema, "Mh. Kumbe nao wana vidole."

Kisha akamgeukia mama. "Shemeji, twende nyumbani kwangu. Nina kiu ya chai tangu mwezi uliopita."