Alamu ya Mama na Laini Moja ya Simu

Nyumba yetu pale Singida mjini ilikuwa na simu ya mezani kabla mimi sijajua kusoma. Baba, aliyepanda huku kutoka Pangani akiuza vitambaa, aliisubiri laini ile miaka mingi. Ilipofika aliichongea kisanduku cha mbao chenye kufuli, maana majirani nao walikuwa na ndugu zao wa kuwapigia. Baadaye ikaja soko huria. Maduka yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, simu za mkononi zikaenea hadi kwa wauza kuku, na kufuli la baba likapata kutu. Mama peke yake ndiye aliyeendelea kuithamini simu ile nyekundu. Aliifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, na ole wako ukikitoa bila kunawa mikono. Nikiikumbuka sebule ile mpaka leo moyo unanilainika.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake. Wezi wakaingia, wakaondoka na redio na sufuria zake kubwa za shughuli. Kaka yangu aliyekuwa Dar es Salaam alikosa usingizi kuliko mwenye nyumba. Alinunua alamu ya wezi iliyotoka Dubai, akamtuma fundi kuja kuifunga. Mtu akivunja mlango, king'ora kinalia, halafu mashine yenyewe inampigia kaka kupitia laini ya mezani na kumsomea ujumbe uliorekodiwa, naye anawaamsha majirani.

Kisha nikaja mimi na maendeleo yangu. Nilikuwa nafanya kazi ya kutafsiri, wiki moja nakaa Dodoma, wiki moja kwa mama, na nilihitaji intaneti ya kasi. Kasi hiyo, kama mtaniruhusu kuiita hivyo, ilipita kwenye laini ileile ya simu. Mafundi waliniachia modemu yenye taa za kukonyeza na filta moja, kidude cheupe ambacho waliniambia nikiweke kwenye simu ili intaneti na maneno visigombane. Hawakuuliza kuhusu alamu, wala mimi sikuwaambia. Siku hiyo nilitembea kifua mbele, mtaa mzima wajue kwetu kuna intaneti.

Haukupita muda mrefu, alamu ikawasha taa ya njano. Nikabonyeza kitufe cha majaribio. Ilikuwa na spika ndogo ya kukusikilizisha simu inavyoita, lakini kilichotoka ni mlio wa mafuta ya alizeti yakikaanga kitu. Nikampigia kaka kwa simu yangu ya mkononi kumweleza, na mdomo wangu huu sijui nani aliutuma.

"Kama haiwezi kunipigia, mama hakai humo," akasema. "Jumamosi nakuja na gari. Nitaishi naye huku."

Mama alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mikono.

"Dar nitakaa na nani? Wote wanaondoka asubuhi, mimi nabaki kutazama geti."

Hakuwa anadeka. Kila siku ya mnada dada yake alikuja kutoka Unyambwa, wakatandika mkeka ua wa nyuma na kuongea Kinyaturu mpaka jua likazama, wakichekea mambo ambayo waligoma kututafsiria. Duka la baba bado alilifungua yeye. Kumtoa pale ni kumng'oa, na kaka hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. Hofu ya mtoto wa kwanza haina pa kuishika.

"Tengeneza," mama akaniambia. "Wewe ndiye umeleta hayo madude."

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikavuta kabati la vyombo. Nyuma yake kulikuwa na vumbi la tangu enzi za baba, na nyaya. Kwanza nikachomoa modemu, nikabonyeza kitufe. Ule mlio wa kukaanga ukatoweka, na namba ya kaka ikaanza kuita vizuri kabisa. Nikapiga kigelegele. Ikaita kidogo, ikakatwa. Papo hapo simu nyekundu ikalia, mama akaipokea.

"Shikamoo mama. Nimeona umebipu."

Nilitaka kuvunja kitu. Miaka yote mama alikuwa anambipu kaka, naye anakata na kumpigia. Ndiyo ilikuwa njia yao. Hata wezi wangekuwa sebuleni wanakunywa chai, kaka angekata kwanza. Nikampokonya mama simu mkononi.

"Kaka, kuanzia leo namba ya nyumbani ikiita, pokea! Usikate, pokea!"

"Haya, haya, usinipigie kelele."

Sasa nilijua mgonjwa ni nani. Intaneti ndiyo iliyokuwa inaivuruga alamu, na filta nilikuwa nimeiweka kwenye simu peke yake. Nikafuata waya kwa vidole mpaka pale laini inapoingilia ukutani, nikaihamishia filta hapo. Modemu ikapata njia yake, alamu na simu vyote vikakaa nyuma ya filta. Mama alinishikia tochi, akinikumbusha kila mara nisimvunjie bakuli za harusi yake. Nikachomeka modemu. Taa zikakonyeza. Ile ya njano kwenye alamu ikazimika.

Nikabonyeza kitufe. Ikaita, na safari hii kaka akapokea. Kwenye spika tukasikia sauti ya mama, ile aliyorekodi siku fundi wa alamu alipokuja, mimi nikiwa Dodoma:

"Asalamu alaykum mwanangu. Hujambo baba? Mkeo hajambo? Watoto hawajambo? Na mama mkwe wako? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Sasa, mwanangu..."

Kimya. Nafasi ya kurekodi ilikuwa imeishia hapo. Wezi hawakupata hata neno moja.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Lakini mama hakucheka, alikuwa ameinamia spika. Kule Dar kaka alikuwa hajakata.

"Sijambo mama, shikamoo," tukamsikia anasema taratibu, anaiambia mashine. "Sote hatujambo. Sasa nini, mama?"

Mashine ikakata. Mama akabaki anaitazama ile alamu, mdomo wazi, jibu analo na pa kulipeleka hana. Kicheko kikanikauka.

Simu nyekundu ikalia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukumbuka kitambaa, alikiacha kikaanguka.

"Mama," kaka akasema, sauti yake ikitoka nje ya mkono wa simu hadi niliposimama. "Imefanya kazi. Nimepokea. Ila hukumaliza. Ulisema, sasa mwanangu."

Mama akavuta pumzi. Hakumuuliza hali ya mke, wala watoto, wala mama mkwe.

"Sasa, mwanangu, kesho usije na gari."

Nikamsikia kaka anakohoa kama baba alivyokuwa akikohoa akishindwa.

"Haya mama," akasema. "Nitakuja na basi, nikusalimie tu."