Mbuzi Hiyo, si Mbuzi Huyo

Mwanzo wa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikifanya kazi katika duka la fotokopi mjini Ibra, Oman. Shule niliimaliza kwa kujikokota, na ndoto nilikuwa nazo nyingi kuliko alama. Kazi yangu ilikuwa kutoa nakala za vitambulisho, kupiga chapa barua za watu wanaoomba viwanja, na kupokea faksi. Faksi ndiyo niliyoipenda. Kila ikilia nilijiambia, hii leo inatoka mbali, na mara nyingi ilikuwa inatoka Mudhaibi, mji wa jirani, mtu anauliza bei ya karatasi.

Siku moja kweli ikatoka mbali. Mjomba wangu alikuwa amepelekwa na ofisi yake kusoma Uholanzi kwa miezi michache, na huko akajuana na mama mmoja anayesimamia makumbusho madogo ya kijijini kwao, kaskazini kabisa mwa nchi. Watu wa huko wana lugha yao, Kifrisia, wala si Kiholanzi. Mjomba alinieleza kwa simu kwamba yule mama alipokuwa mdogo mwalimu alikuwa akimkataza kusema lugha ya nyumbani darasani. Sasa ni mkubwa, makumbusho yako mikononi mwake, na ameweka sharti: kila kitu kiandikwe jina kwanza kwa lugha ya watu waliokitumia, halafu ndiyo zifuate lugha nyingine.

"Ana sanduku la vitu vya Unguja," mjomba akasema. "Baharia mmoja wa kwao alivileta zamani. Majina hakuna anayeyajua. Nimemwambia ninaye mpwa wangu Ibra, Kiswahili anakimwaga kama maji."

"Mjomba! Umemwambia hivyo?"

"Sasa nimwambieje? Wewe muulize bibi yako, uandike. Khalas."

Nilipoweka simu nilikaa nikimfikiria yule mama. Sikuwahi kujua kwamba hata Ulaya mzungu anaweza kumwonea haya mzungu mwenzake kwa lugha ya mama yake. Mimi nilidhani mambo hayo ni ya kwetu tu. Nilipokuwa mdogo, wenzangu mtaani wakinisikia nasema Kiswahili walikuwa wakiniita Zinjibariya, yaani Mzanzibari, kwa kuvuta, nami nikajifunza kukiacha Kiswahili mlangoni pamoja na viatu. Nikiingia ndani nakiokota tena, maana bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Unguja, hakutaka kusikia lugha nyingine jikoni kwake.

Ila kila nikikiokota nilikikuta kimepungua. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa "ya". Kitabu ya dada. Mtoto ya jirani. Bibi alikuwa akinirekebisha mpaka akichoka anasema, "We mtoto, hiyo 'ya' yako umeinunua jumla?"

Faksi ilileta picha tatu. Nilizibeba nyumbani mchana, nikamkuta bibi kaweka ungo mapajani anachagua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Makaratasi gani tena hayo?"

Ya kwanza hakuitazama mara mbili. "Kawa hilo, la kufunikia chakula." Ya pili pia. "Upawa huo, wa kuchotea mchuzi." Ya tatu ilikuwa imetoka nyeusi, madoa matupu. Niliona miguu, na mbele kitu kama shingo kimejitokeza. Bibi aliisogeza mbali na macho, akacheka kidogo peke yake.

"Mbuzi hiyo. Nimeikalia mimi hiyo tangu sijaota meno ya pili."

Akarudi kwenye mchele wake. Nami nikarudi dukani nimejaa furaha, naandika kichwani njia nzima. Mbuzi ninamjua. Ibra nani asiyemjua mbuzi? Jumatano sokoni huwezi kupita kwa mbuzi. Na bibi amesema alikikalia. Mtu anakaa kwenye kitu, na hapo pana mbuzi. Anafanya nini? Anakamua! Nikamwona bibi mtoto, asubuhi, kakaa kwenye kigoda chake anakamua mbuzi mweupe. Bibi hakutaja maziwa hata tone. Maziwa niliyatia mwenyewe. Nikaandika jina kwa Kiswahili, na maelezo kwa Kiingereza changu cha shule: "Kiti ya mbuzi. Mtu anakaa, anakamua maziwa." Nikatuma.

Miezi ikapita. Mjomba akarudi, na Ijumaa moja akaja Ibra kula na sisi, kwapani ana kijitabu cha makumbusho, cha karatasi za kung'aa. Alimpa bibi mkononi, yeye akaenda kutawadha.

Bibi alikuwa akisoma herufi za Kiarabu tu. Hata Kiswahili chake, akitaka kuandika, alikiandika kwa herufi hizo. Kwa hiyo alifungua picha. Akaona kawa, akaona upawa, halafu akapiga kelele mpaka nikaangusha sahani ya tende.

"Mbuzi yangu! Tazama, tazama meno yake!"

Picha safari hii ilikuwa ya rangi, safi. Ilikuwa kibao cha kukunjua, kimelala kwa miguu iliyopishana, na mbele kimetoa ulimi wa chuma wenye meno.

"Hapa unakaa," bibi akanionyesha kwa kidole, "hapa unashika kifuu, unakuna. Nazi kumi nilikuwa nakuna kabla jua halijapanda. Nyie mnafungua kopo mnajiita wapishi."

Nilihisi uso unaniwaka. Chini ya picha, kwa herufi kubwa, juu ya Kifrisia na Kiholanzi na Kiingereza, pameandikwa KITI YA MBUZI. Halafu maelezo: hutumika kukamulia maziwa, kama ilivyoelezwa na familia moja ya Oman.

"Wameandikaje? Nisomee."

"Mbuzi," nikasema. "Ya kukunia nazi."

"Mashallah. Nisomee tena."

Nikamsomea tena uongo uleule. Alikishika kijitabu kifuani kwa mikono miwili. Akasema Jumatano atakwenda nacho soko la wanawake, wenziwe wakaone jikoni kwa mama yake kulivyofika Ulaya. Na hapo nikaacha kuokota tende. Sokoni wapo wanaosoma Kiingereza, wapo na wanaosoma Kiswahili kwa herufi za kizungu. Bibi angesimama na kijitabu chake mbele ya watu, na mwanamke fulani angemsomea kwa sauti jinsi alivyokuwa akikamua.

"Bibi," nikasema, "nimekudanganya."

Nikamwambia yote, mpaka mbuzi mweupe wa kichwani mwangu. Mjomba alikuwa amerudi na maji yanamchuruzika mikononi, akachukua kijitabu, akasoma, akaegemea ukuta kwa kicheko.

"Wallahi, umekamua kibao!"

Bibi hakucheka. "Mimi nilikwambiaje siku ile?"

"Ulisema mbuzi."

"Nilisema mbuzi hiyo. Hiyo! Angekuwa na roho ningesema huyo. Mbuzi huyo anakula majani. Mbuzi hiyo inakuna nazi. Hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Masikio yangu tu yalikuwa hayana pahala pa kuweka tofauti ile. Kwangu hiyo na huyo zilikuwa zikipita mlango mmoja, kama kitabu ya dada na mtoto ya jirani. Sikulia, lakini nilikuwa karibu.

Bibi alinitazama, akanisogezea sahani. "Kula. Halafu mpigieni huyo mama."

"Ijumaa, bibi? Na vitabu vimeshachapwa."

"Ukutani je? Ukutani nako wamechapa?"

Mjomba akapiga, akaweka simu itoe sauti, akawa mkalimani. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kijitabu hawezi kukirudisha, kimeshagawiwa, lakini kibandiko cha ukutani ni karatasi tu na atakitoa kesho yake asubuhi. Hakutaka mjomba amtajie jina la kitu kile. Alitaka mwenye neno aliandike mwenyewe, kwa mkono wake, kwa herufi anazotumia, na mimi niandike chini yake kwa herufi za kizungu.

"Muulize sasa," bibi akasema, "kwao wao inaitwaje?"

Mjomba akauliza. "Anasema kwao hakuna anayekuna nazi. Hawana neno."

"Basi walichukue letu, ila waliseme sawa. Mwambie aseme."

Simu ikasema, "Em-buzi."

"Siyo em! Afunge mdomo kwanza. Mmm. Mbuzi."

"Mmm... mbuzi."

"Eee! Huyo kamshinda mjukuu wangu."

Halafu yule mama akauliza jambo. Mjomba akalitafsiri. Anataka kujua, kwa nini kitu cha kukunia nazi kikaitwa jina la mnyama?

Bibi alikichukua kijitabu, akaitazama ile picha. Nilimwona anatafuta. Miaka yote ile ameikalia, ameitia mafuta, ameipigia kelele ilipomkata kidole, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mwambie sijui," akasema polepole. "Mwambie nitauliza."

Jumamosi nilituma karatasi ya bibi kwa faksi ya dukani. Aliharibu karatasi nne kabla hajaridhika na mkia wa herufi ya mwisho. Jumatano alikwenda soko la wanawake na kijitabu chake kweli. Mimi nilikuwa nimebandika kipande cha karatasi juu ya yale maneno, na juu yake ameandika yeye. Hakwenda kuonyesha tu, alikwenda kuuliza. Aliporudi akampigia rafiki yake wa Sur, halafu mwingine wa Nizwa. Mmoja alisema ni kwa ajili ya ile miguu minne. Mwingine akasema hapana, ni ule ulimi, unatafuna nazi kama mbuzi anavyotafuna. Yule wa Nizwa alisema mama yake alimweleza sababu, lakini ameisahau, na akakaa kwenye simu nusu saa nzima akijaribu kuikumbuka.

Mimi nilikuwa pembeni naandika majibu yote, na kila nikifika kwenye neno mbuzi nasimama kumuuliza bibi: hapa ni ya, au ni wa?