Bibi Anayekwepa Mahindi ya Zamani

Bibi jirani yetu, hapa mtaani nyuma ya stendi ya Msamvu, bado anatembea kana kwamba kuna mashamba. Siku hizi ni kuta na mageti matupu, lakini akifika kwa fundi cherehani anazunguka, eti asikanyage mahindi. Mahindi ya mwaka themanini! Ukimwamkia, anakushika kwa vidole vigumu kama mpini na hakuachii mpaka umwambie umekula nini. Wiki iliyopita Mwalimu Hizza, aliyehamia mtaani juzijuzi, alikuwa amechimba visima viwili, vyote vikavu, na ameapa kuiuza nyumba. Bibi akaingia getini, akahesabu hatua kutoka ukutani, akasimama katikati ya sakafu mpya ya kuegeshea gari.

“Hapa.”

“Mama, hii saruji ina wiki mbili!”

“Na magimbi yangu yalikaa hapa miaka ishirini, hata kiangazi yalinenepa. Vunja, mwanangu.”

Mwalimu alifumba macho, akawaambia wachimbaji wavunje. Siku ya tatu tukasikia kelele shimoni: maji! Mwalimu, na tai yake shingoni, akamkumbatia kila mtu mwenye tope. Bibi alichungulia mara moja tu. “Hayo yatakayomwagika yasipotee bure,” akasema, huku tayari anatafuta jembe.