Folda ya Mzee Bango

Mara ya kwanza Binti Bango alidhani hakufuta vizuri. Alifungua karakana saa mbili asubuhi, akawasha kompyuta, na folda ya baba yake ikawa pale pale katikati ya kioo, kana kwamba jana hakuiondoa. Akaifuta tena, akaenda kukata turubai.

Mara ya pili alijilaumu kidogo. Mara ya tatu hakujilaumu wala hakushangaa, na hapo ndipo ujue alikuwa na shida, maana mtu akifuta kitu mara tatu na kikarudi mara tatu, walau hupiga yowe.

Yeye siku hizi hakupiga yowe kwa lolote. Miezi minane ilikuwa imepita tangu Mzee Bango azikwe, na tangu siku ile binti yake alikuwa kama mguu ulioingia ganzi: upo, unaonekana, ila ukiufinya hausikii. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Alicheka wateja walipocheka. Hakulia hata tone, na mashangazi walilinong'ona jambo hilo mpaka wakachoka wenyewe.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa mabango. Mzee alianza na brashi na makopo ya rangi, akazeekea kwenye kompyuta, na jina la kazi likameza lile alilopewa na wazazi wake. Folda ilikuwa na michoro yake mia mbili na ushei, na majina ya faili yalikuwa ya mtu asiyejiamini hata kidogo: SALUNI YA MWISHO. SALUNI YA MWISHO KABISA. SALUNI YA MWISHO KWELI SASA. Saluni yenyewe ilishafungwa zamani, na mwenyewe kahama.

Sababu ya kuifuta ilikuwa nafasi. Kazi zote za karakana zilihifadhiwa kwenye akaunti moja ya mtandaoni, na akaunti ile ilikuwa imejaa hadi shingoni. Akifuta folda ya mzee, anapumua siku moja. Kesho yake imejaa tena, na bango la zahanati, lenye picha nane za wauguzi na daktari anayebadilisha mawazo kila siku, linakataa kuingia. Zahanati ilikuwa inalitaka Ijumaa. Hayo ndiyo aliyowaambia watu. Jingine hakumwambia mtu: kila alipoliona jina la folda alingoja uchungu uje, na uchungu haukuja, na kutokuja kwake kulimtisha.

Jirani yake, muuza chaja na vifuniko vya simu, alikuwa na mdomo usiojua likizo.

"Dada, usimsumbue mzee. Bado hajakabidhi ofisi."

"Nafasi imejaa."

"Basi mwambie mwenyewe. Si ndiye anayerudi kila asubuhi?"

Alikuwa anatania. Binti Bango alimtazama, kisha akamwomba mkasi.

Jumatano akamwita fundi wa kompyuta, mtu mnene, mpole, anayeongea na mashine zaidi ya anavyoongea na wenye mashine. Fundi akakaa, akabofya, akaguna, akabofya tena.

"Hakuna jini humu," alisema hatimaye. "Nani mwingine ana neno la siri?"

Binti Bango akaonyesha kidole mlangoni. Nyuma ya mlango, kwa kalamu nene na ile hati nzuri ya mzee, neno la siri lilikuwa limeandikwa kubwa na kupigiwa mstari. Mzee alifungua akaunti moja kwa ukoo mzima: karakana, watoto, mpaka picha za harusi za binamu. Alisema hivyo watu hawapotezani.

Fundi alicheka mpaka kiti kikalia. "Basi siri yenyewe ndiyo hii! Sasa sikiliza. Siku hizi kuna mashine mbili tu zinazoingia humu. Moja ni yako. Nyingine inaingia kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wewe unafuta huku, mwenzako anarudisha kule. Imeandikwa KOBE."

Kobe ilikuwa laptopu ya zamani ya mzee, iliyohitaji robo saa kuwaka. Kaka yake aliondoka nayo kwapani siku ya mazishi, na hakuna aliyeiulizia.

Kaka huyo alikuwa muuguzi katika mji wa mbali. Siku ile gari lilimharibikia njiani. Alifika saa tisa. Mzee alizikwa saa saba. Na Binti Bango, mbele ya mashangazi wote, alimwambia, "Sasa umekuja kumwona nani?" Hawakuwa wamesemezana tena. Ambacho kaka hakukijua ni kwamba wazee walitaka kumngoja, na dada yake ndiye aliyesema wasingoje.

"Nikibadilisha neno la siri, huyo anatoka moja kwa moja," fundi alisema. "Dakika moja tu. Ukifuta, umefuta. Nibadilishe?"

Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Mdomo wake ulishafunguka kusema ndiyo.

"Njoo kesho," alisema.

Fundi alipoondoka, aliifuta folda, akafungua mchoro mpya, akaandika kwa herufi nyekundu za bango: UNAZIRUDISHA ZA NINI? Akauhifadhi peke yake pale katikati, akafunga mlango.

Kesho yake alifika saa kumi na mbili, akakaa mbele ya kioo na koti lake mwilini. Saa kumi na mbili na nusu ikafika, ikapita. Kisha faili zikaanza kurudi, mojamoja, kwa mwendo wa Kobe. Saluni. Saluni ya mwisho. Duka la dawa. Shule ya udereva, ya mwisho kabisa. Ya mwisho kurudi ilikuwa faili asiyoijua. Akaifungua.

Herufi zilikuwa nyeusi, zimekaa upande; kaka yake hakuwahi kujua kuweka kitu katikati.

"Wewe ulimzika. Mimi sikumzika. Niachie hizi."

Aliisoma mara mbili. Kisha akasikia kidevu kimelowa, akatazama juu kama mtu anayetafuta bati linalovuja, ndipo akajua ni yeye. Alilia kwa sauti, asubuhi ile, na kifua kilimuuma sana, na maumivu hayo alikuwa ameyangoja miezi minane. Jirani alifika na funguo zake, akachungulia, akauvuta mlango taratibu.

Fundi alipokuja alimkuta anahamisha kazi zake mwenyewe, za miaka sita, kuziweka kwenye flashi. Bango la zahanati lilikuwa limeingia. Folda ya mzee ilikuwa mahali pake, na kando yake kulikuwa na mchoro mmoja mpya, usio na rangi wala pambo: KAKA, MIMI NDIYE NILIYESEMA WASIKUNGOJE.

Fundi aliusoma, akajifanya hakuusoma. Akavuta kiti.

"Haya. Tulibadilishe hilo neno la siri?"

"Liache lilivyo," Binti Bango alisema. "Kuna mtu analitumia."